Utengeneze tena au uachane nayo? Mwongozo kamili wa kuamua kuhusu gari iliyochoka

Kama unasoma hii na gari yako iko juu ya mawe gereji na fundi ameshakutumia meseji ya bei, cha kwanza nakuomba usimjibu leo. Mwambie utamjibu kesho kutwa. Maamuzi mabaya karibu yote niliyowahi kufanya kuhusu gari niliyafanya nimesimama pembeni ya fundi, jua linachoma, kipuri kimeshafunguliwa kiko juu ya gunia, kazini wananisubiri, na yeye ananiambia dada hii tukiweka gasketi mpya unaisahau kabisa. Hapo hata ungekuwa na akili kiasi gani utasema haya weka.

Nilikuwa na Carina TI. Ndani ya miezi 14 niliiwekea shilingi 3,850,000 za matengenezo alafu nikaiuza 2,300,000. Hiyo hesabu niliijua baada ya kuuza, wakati napitia meseji za miamala kwenye simu, na kilichoniuma ni kwamba hakuna siku hata moja niliyokaa chini nikaamua kutumia karibu milioni nne kwenye ile gari. Niliamua mara 19 kutumia hela kidogo, leo 80,000, wiki ijayo 150,000, mwezi ujao 400,000, na kila mara najiambia nimeshaweka nyingi siwezi kuacha hapa. Hela iliyoingia kwenye gari imeshaenda, ukitengeneza leo hairudi na ukiuza leo hairudi, kwaio isikae kabisa kwenye hesabu ya kuamua kesho.

Ntaeleza ninavyofanya sasa hivi. Mifano ni ya Dar kwa sababu ndo ninapoishi, na gari ni hizi Toyota za mtumba kutoka Japani tunazoendesha wengi, ila hata ukiwa Nairobi au Kampala au Bujumbura hesabu ni ile ile, weka tu bei za kwenu.

Hatua ya 1: andika ulichotumia miezi 12 iliyopita

Chukua daftari, fungua meseji za miamala ya simu, rudi nyuma mwaka mzima, kila hela iliyoenda kwa fundi au duka la spea iandike. Usikadirie kwa kichwa, kichwa kinasahau zile ndogo ndogo na ndo nyingi. Gawa safu tatu.

Safu ya kwanza ni matunzo, yani oili, filta, plagi, matairi, brekipedi, betri. Hivi hata gari iliyoshuka melini jana inavitaka, usiihesabie gari yako kama ugonjwa. Safu ya pili ni magonjwa, vitu vilivyoharibika ukatengeneza. Safu ya tatu watu wengi hawaiandiki na mi naona ndo inasema ukweli kuliko zote, ni marudio, kitu kilichotengenezwa kikaharibika tena kile kile ndani ya mwaka.

Kwenye Carina yangu safu ya tatu ilikuwa na neno moja limejirudia mara tano, kuchemsha. Mara ya kwanza tukabadilisha mpira wa maji. Ya pili rejeta ikaoshwa. Ya tatu fundi akatoa themostati akaitupa, akasema huku kwetu joto haina kazi. Ya nne rejeta mpya ya kopi. Ya tano gasketi ya silinda hedi, yani ya kile kichwa cha juu cha injini. Sasa themostati sio pambo, ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu ndo ufunguke, ili injini iwahi kupata joto lake na ikae nalo. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, mafuta inakula zaidi, vyuma vinasagika zaidi, na ule ugonjwa uliokuwa unachemsha gari unakuwa umefichwa tu haujatibiwa. Na muda wote huo tulikuwa tunaongeza maji ya kisima, na wanaoishi Dar wanayajua maji ya visima vyetu, chai yake unaionja chumvi. Siku hedi ilipofunguliwa nikaoneshwa njia za maji, alumini imeliwa ina vishimo kama jino bovu, pembeni unga mweupe umeganda, nikakwangua na kucha ukadondoka kwenye kiganja.

Ugonjwa ulikuwa mmoja nikaulipia mara tano. Kwaio ukiona marudio mengi kwenye daftari lako, kabla hujafikiria kubadilisha gari fikiria kubadilisha fundi. Gari inaweza kuwa haina kosa kabisa.

Hatua ya 2: ipime yote, kwa fundi ambaye kazi hatapata

Hapa toa hela bila kuionea uchungu. Tafuta fundi mwingine, ikiwezekana mtu mzima anayeheshimika na mafundi wenzake, mwambie mapema kabisa mzee nakulipa kupima tu, kutengeneza atatengeneza mtu mwingine. Ukishasema hivyo hana sababu ya kukuongezea magonjwa wala ya kukuficha. Gari ilale kwake usiku ili asubuhi aiwashe ikiwa baridi, maana magonjwa mengi ya injini yanajificha ikishapata moto, na wauzaji wanalijua hilo ndo maana ukienda kuangalia gari ya mtu unaikuta imeshawashwa.

Tuanze na injini. Ikiwa baridi, na nasisitiza baridi, mfuniko wa rejeta ukiufungua gari ikiwa ya moto maji yatakurukia usoni, angalia maji yana rangi gani. Ya kutu, au yana mafuta juu, sio dalili nzuri. Washa mfuniko ukiwa wazi, mapovu yakitoka mfululizo bila kukata hata baada ya dakika kadhaa inawezekana gasketi inavujisha. Fungua mfuniko wa kuwekea oili uangalie kwa chini, ukikuta uji uji wa rangi ya chai ya maziwa na maji ya rejeta pia yanapungua bila kuvuja nje, basi maji na oili vinakutana ndani.

Moshi nao unaongea. Wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha alafu unaisha, mara nyingi ni vali sili, hizo hazikuui. Wa bluu unaotoka kila ukikanyaga mafuta ukipanda mlima, hizo ni ringi za pistoni, hapo umeshaingia kwenye ovahoo, yani kufungua injini yote na kuisuka upya, au kubadilisha injini. Mweupe mzito usioisha hata gari ikiwa imepata moto ni maji yanaungua. Mweusi ni petroli nyingi, inaweza kuwa sensa, nozeli au hata filta ya hewa tu iliyoziba, usikimbilie kuuza gari kwa moshi mweusi.

Mwambie apime kompresheni, yani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote. Namba zenyewe zinatofautiana kwa kila injini ila cha kuangalia zaidi ni zilingane. Kwenye injini ya 1NZ ya IST na Vitz, kwa mfano, silinda moja ikipishana na nyenzake zaidi ya psi 15 hivi kuna kitu hapo. Alafu pima mwenyewe inavyokula oili, jaza mpaka alama ya juu kwenye dipstiki, tembea kilomita 1,000, pima tena. Mstari wangu ni lita 1. Ikila chini ya hapo naongeza naendelea na safari, ikizidi naanza kupanga mambo mengine.

Gia boksi ya otomatiki, chomoa dipstiki yake kama ipo, dondoshea oili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au ya kahawia nyepesi haina tatizo, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni tatizo. Kanyaga breki, toa P weka D, hesabu. Ikishika ndani ya sekunde moja hivi sawa, ikisita alafu ikagonga kwa nguvu, au barabarani injini inalia na gari haiongezi mwendo, gia boksi inakufa. Na kama gari yako ni ya CVT, yani otomatiki isiyo na gia za hatua, kama Honda Fit na Nissan nyingi, uliza kwanza ilishawahi kuwekewa oili gani, kuna mafundi wanamwaga ATF, oili ya kawaida ya gia boksi za otomatiki, humo kwa sababu ndo iliyopo dukani, na CVT haivumilii hilo.

Bodi watu wanaidharau kwa sababu haizimishi gari barabarani, ila injini inabadilishwa na bodi haibadilishwi. Chukua bisibisi, lala chini, gonga kwenye vizingiti vya milango kwa chini, kwenye chesisi pale miguu ya mbele na ya nyuma inapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga na bisibisi inazama. Magari yanayoishi Kigamboni, Kunduchi, Tanga mjini, Mombasa, upepo wa bahari unayala kimya kimya. Kutu ya kwenye mlango ni urembo. Kutu ya pale mguu wa gari unapofungwa ni ajali inayosubiri, kwangu hiyo peke yake inatosha kufunga mjadala.

Alafu kuna mafuriko. Kama gari iliwahi kuingia maji, iwe Jangwani hapa Dar iwe kule ilikotoka, umeme wake utakusumbua mpaka mwisho, leo dirisha kesho eabegi keshokutwa haiwaki. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa uangalie kama una mstari wa tope, nyanyua kapeti, angalia boliti za siti kama zina kutu.

Miguu, yani shokapu, bushi, boljointi, stabilaiza linki, inapiga kelele sana na inakera na barabara zetu zinaimaliza haraka, ila ndo eneo rahisi kulitengeneza. Nimeona watu wanauza gari nzima injini na gia boksi kwa sababu inagonga gonga kwenye matuta, wakati tatizo ni mipira ya laki moja na nusu.

Kitu kingine, taa ya injini kwenye dashibodi. Aipime na mashine, aandike namba za makosa zilizotoka, asizifute. Kufuta taa sio kutengeneza, inarudi baada ya siku tatu.

Hatua ya 3: panga magonjwa kwa uzito

Sasa una orodha ndefu na inatisha. Ipange. Juu kabisa weka yanayoua watu, breki, stelingi, boljointi iliyolegea, matairi yaliyoisha. Haya hayana mjadala wa hela, ama unatengeneza ama gari haitoki, hata kama unaiuza mwezi ujao, usimbebeshe mtoto wako kwenye gari yenye boljointi inayotaka kuchomoka. Chini yake yanayoua gari, kuchemsha, oili kuvuja kwa wingi, taimingi belti iliyopitiliza muda kwa zile zenye belti. Alafu yanayoweza kusubiri, alafu urembo. Mwongo mkubwa kwenye orodha ni urembo, watu wanapaka rangi upya gari ambayo gia boksi inasita.

Hatua ya 4: kusanya bei mwenyewe

Nenda mwenyewe kwenye maduka ya spea, kwa Dar ni Gerezani na Kariakoo, au mtume mtu usiyemtilia shaka, ukiwa na namba ya chesisi, sio jina la gari tu, maana IST ya 2003 na ya 2006 kuna vipuri vinapishana. Kwa kila kipuri kikubwa uliza bei tatu, mpya orijino, mpya ya kopi, na mtumba. Alafu fundi akupe bei ya ufundi peke yake. Ukimwachia akupe bei ya jumla hutajua hela inaenda wapi.

Mtumba sio mbaya kwa kila kitu. Taa, bampa, mlango, kioo cha pembeni, alteneta, stata, hata gia boksi nzima kutoka Japani ukiipata kwa muuzaji anayekupa siku za kujaribu kwa maandishi, sawa. Ila brekipedi, belti, boljointi, mipira ya maji, pampu ya maji, hivi usinunue mtumba hata kama unapewa bure.

Na hapa utagundua kitu cha maana kwenye uamuzi wako. Kama spea zako unazipata maduka kumi kwenye mtaa mmoja, gari hiyo inabebeka hata ikizeeka. Kama kila kitu lazima uagize nje usubiri wiki tatu, kila ugonjwa mdogo ni wiki tatu za daladala, na hiyo nayo ni gharama.

Hatua ya 5: ina thamani gani leo

Tafuta bei mbili, ya kuuza ilivyo bovu na ya kuuza ikiwa imetengenezwa. Madalali wawili watatu watakwambia, na wataanza na herufi ya namba ya usajili kabla hawajauliza injini, namba B, namba C, namba D, ndo soko letu lilivyo, kadi ya zamani inashusha bei hata gari iwe safi. Matangazo ya mtandaoni punguza, ile ni bei mtu anayoomba, sio aliyopewa.

Kuna kanuni utaisikia kila mahali kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari basi uza. Mi siikubali. Chukua gari inayouzika milioni 4, matengenezo milioni 2, ni nusu kabisa. Kama kwa hiyo milioni 2 inakupa miaka miwili ya kutembea bila ugonjwa mkubwa, umelipa kama 83,000 kwa mwezi. Utapata wapi gari nyingine kwa 83,000 kwa mwezi? Bei ya gari inakwambia utapata nini ukiuza, basi. Haikwambii utatumia nini kupata nyingine, na hicho ndo cha kulinganisha.

Hatua ya 6: hesabu ya gari nyingine, bila kujidanganya

Twende na mfano. Gari yako ukiiuza leo unapata milioni 5, unayoitaka ni milioni 14. Pengo ni milioni 9. Kama unazo taslimu sawa, ila wengi tunakopa. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miezi 36, utalipa kama 316,000 kila mwezi, na mwisho wa siku milioni 9 imekuwa kama milioni 11 na laki 4. Ukinunua kwa mkopo wanaokukopesha wanataka bima kubwa, ile inayolipia hata gari yako, asilimia 3.5 ya thamani na juu yake VAT, kwa milioni 14 hiyo ni 578,200 kwa mwaka, wakati sasa hivi unakata bima ndogo, ya kulipia tu uliowagonga, ya 118,000. Tofauti yake inaongeza 38,000 na kitu kwa mwezi. Jumla gari mpya kwako inakula karibu 355,000 kila mwezi kabla haijaharibika kitu.

Na itaharibika. Gari yoyote ya mtumba mwezi wa kwanza inataka oili zote, filta, plagi, mara nyingi matairi na shokapu, tenga angalau milioni moja. Magonjwa ya gari yako unayajua kwa majina, ya gari ya mwenzio utayajua baada ya kulipa.

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani usiangalie bei ya kule tu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, weka aina na mwaka, kwa sababu Tanzania gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ndo maana unakuta kodi imezidi bei ya gari yenyewe. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kabisa kuingiza iliyozidi miaka 8, na Uganda mwisho ni miaka 15. Ndo sababu gari iliyoko ndani ya nchi tayari, hata kuukuu, haishuki bei haraka kama unavyofikiria, na ndo sababu kutengeneza kwetu kunaweza kuwa na akili kuliko kwa mtu wa Ulaya mwenye gari kama yako.

Upande wa pili weka gharama ya kubaki. Matengenezo ya miezi 12 ijayo kutoka orodha ya hatua ya 3, ongeza theluthi kwa yasiyoonekana, gawa kwa 12. Ongeza na mafuta ya ziada kama gari inakula. Carina yangu ilikuwa inatembea kilomita 9 kwa lita, gari nzima ya saizi hiyo ingefika 13. Kwa kilomita 1,000 za mwezi hiyo ni lita 34 za ziada, lita ikiwa shilingi 3,000 ni laki moja na ushee kila mwezi, inayeyuka na hakuna risiti ya fundi inayoionesha.

Weka namba mbili pembeni, ya kubaki na ya kubadilisha. Zikikaribiana sana usiumize kichwa na hesabu, angalia siku ambazo gari ililala. Kwa mtu anayefanya teksi mtandao, siku 5 za kulala kwa mwezi ni kipato kimekatika na marejesho hayasubiri. Kwa mtu anayeendea kanisani Jumapili na sokoni Jumamosi, siku 5 sio kitu.

Hatua ya 7: chora mstari kwa maandishi kabla ya kutoa hela

Hii ndo niliikosa kwenye Carina. Ukiamua kubaki, andika kwenye daftari lile lile, nabaki na gari hii, nitatumia mpaka kiasi fulani mpaka tarehe fulani, na likitokea moja kati ya haya nauza bila kutengeneza. Alafu taja hayo mambo kwa jina. Muoneshe na mtu mwingine ndani ya nyumba, mume, mke, dada, mtu ambaye siku hiyo ikifika atakukumbusha ulichosema ukiwa umetulia.

Kaka yangu ana IST ya 2004. Mwaka juzi ilikuja na orodha ya 2,650,000, gia boksi inasita, shokapu nne zimekufa, pampu ya maji inavuja, na kila mtu anamwambia auze. Tukakaa na daftari mezani kwa mama. Injini kompresheni iko sawa, bodi haina kutu, safu ya marudio ilikuwa tupu kabisa. Ya kubaki ilitoka kama 295,000 kwa mwezi na ziada yote, ya kubadilisha 360,000 na mkopo juu. Akabaki, na mstari tukauandika, gia boksi ikirudi au injini ikianza kula lita 1 kwa kilomita 1,000, inauzwa. Gia boksi alitafuta ya mtumba, ya gia nne ile ile, oili akaweka T-IV, aina ya oili ya gia boksi inayotakiwa. Mwaka wa pili ametumia karibu matunzo tu. Ile karatasi bado iko kwenye dashibodi, imeshafifia wino.

Hatua ya 8: ukishaamua, fanya kwa mpangilio

Ukibaki, anza na mfumo wa maji kabla ya kitu kingine. Rejeta, mipira, pampu, themostati irudishwe, na kulanti halisi, yani maji maalumu ya rejeta, sio maji ya bomba wala ya kisima. Injini za alumini zinakufa kwa joto kuliko kwa umri. Alafu oili zote, alafu breki na miguu. Spea kubwa mbili usifunge siku moja kwa mafundi wawili tofauti, ikileta tatizo kila mmoja atamsingizia mwenzake. Kipuri cha zamani uoneshwe na uondoke nacho. Na kila mwezi weka pembeni ile namba ya kubaki uliyoipata, iwe 200,000 iwe 295,000, hata mwezi ambao gari haijaumwa, hasa mwezi huo.

Ukiuza, usiingie kwenye matengenezo makubwa ili upate bei nzuri, hairudi. Tengeneza yanayoua watu, osha, panga risiti zako kwenye bahasha, mwambie mnunuzi ugonjwa wa gari. Anayejua ni mgonjwa atanunua kwa bei ya mgonjwa na hatakurudia. Kwenye Carina nilimwambia yule kijana hedi imeliwa na chumvi, akacheka akasema anataka bodi na miguu, ana injini nyingine nyumbani. Akalipa tukamalizana.

Kadi nikakosea. Nilimpa mkononi nikaamini atabadilisha jina, na faini za trafiki zinasoma kwa namba ya gari na kadi bado ilikuwa na jina langu, nikahangaika naye kwenye simu karibu miezi mitano. Andikeni mkataba wa mauziano, piga picha kitambulisho chake na kadi, nendeni TRA pamoja mkahamishe umiliki, na hela ya mwisho ipokee siku hiyo hiyo.